Kinywaji Nilichokipa Jina la Bi Zuwena

Nilitoka Arusha kwa basi la asubuhi, nikafika Tanga jua likizama, na hapo safari ikasimama. Meli ya Pemba ilikuwa mbovu. Siku mbili tulingoja itengenezwe. Siku ya tatu tulingoja kwa sababu ilikwisha kutengenezwa na nahodha hakuwaamini walioitengeneza. Nililala katika nyumba ya wageni iliyonuka rangi mpya, nikala chapati na maharage mpaka mpishi akanijua kwa jina. Hivyo ndivyo nilivyo. Nikikaa mahali siku tatu naanza kupaona kwetu, na nikikaa miaka mitatu naanza kutafuta mlango.

Siku ya nne tulipanda. Meli ilibeba mabati, magodoro, mbuzi, na watu waliotoka kwenye matibabu na harusi. Kila mtu alikuwa anarudi. Mimi tu ndiye niliyekuwa nakwenda. Nilikuwa na mabegi mawili, moja la nguo na jingine la vyombo vyangu vya kazi, nimevifunga ndani ya sweta ambalo kule Pemba sikulivaa hata siku moja. Bandarini Wete ofisa mmoja akafungua begi la pili, akatoa kopo langu la chuma la kutikisia vinywaji, akaligeuza juu chini.

"Hiki cha nini, bwana?"

"Cha kuchanganyia."

"Dawa?"

"Vinywaji. Nimeajiriwa hotelini."

Akalitazama tena, safari hii akilishika kwa ncha za vidole, akalirudisha taratibu ndani ya sweta na kulifunika kama mtoto aliyelala. "Karibu Pemba," akasema, na nina hakika alikuwa anamaanisha. Ila begi hakunisaidia kulifunga.

Nawaandikia nyinyi mnaoingia nyuma ya kaunta sasa hivi, mnaoniandikia mkiuliza nilianzaje na kwa nini nimeacha kabla sijafika hamsini. Vyeo na mishahara nitaviruka. Nitawaeleza kazi.

Nilizaliwa Hombolo, Dodoma, kwenye zabibu. Baba alikuwa akipogoa mizabibu ya watu, na mimi nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa naujua mvinyo kama tope, makasi na mgongo kuuma. Sikuwahi kuuona kwenye glasi. Niliuona Arusha, nilikokwenda kuosha vyombo katika hoteli ya watalii, na aliyenionyesha ni Bwana Shirima, mzee wa Kichaga aliyekuwa msimamizi wa kaunta. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. La kulia alilitumia kusikiliza glasi.

"Njoo hapa, Mgogo," aliniambia siku moja, akamimina mvinyo wa povu na kuninamisha kichwa juu yake. "Unasikia nini?"

"Kama mafuta yanayoanza kuchemka, mzee."

"Hayo ndiyo maisha yake. Ukiwa unachanganya kitu ndani yake, ukasikia sauti imepanda ghafla, umekiua. Ukasikia imenyamaza, ulikiua zamani. Kazi yako ni kuweka kitu bila yeye kushtuka."

Siku yangu ya kwanza kaunta nilimshtua. Mgeni aliomba glasi ya mvinyo wa povu yenye utamu kidogo, na mimi kwa moyo mweupe nikatia kijiko cha sukari ya punje. Wale mnaojua mmeshacheka. Kila punje ya sukari ni mahali pa povu kuzaliwa. Glasi ilipanda kama maziwa jikoni, ikamwagika juu ya kaunta, juu ya mkoba wa yule mama, na ndani ya kiatu cha mumewe. Bwana Shirima hakunigombeza. Alinipa kitambaa, akasema, "Umejua leo. Wengine wanajua kwenye harusi."

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni hii: kisichoyeyuka hakiingii. Sukari iwe shira, tunda lichujwe kwa kitambaa cha kuchujia tui, mara mbili. Shira ni nzito, itangulie chini ya glasi, mvinyo uteremke ubavuni taratibu, kisha kijiko kirefu kishuke mara moja na kupanda mara moja. Mara moja. Mnaokoroga mnatengeneza maji ya zabibu. Na kamwe, kamwe msiutikise mvinyo wenyewe kwenye kopo. Nimeona dari lililopata doa kwa ajili hiyo, na doa bado lipo.

Jambo jingine nililopata kwa Bwana Shirima ni desturi ya majina. Ukibuni kinywaji kizuri, unakipa jina la mtu. Kinywaji cha kawaida kipe jina la mlima, la machweo, la ndege yeyote. Lakini kile ambacho hutakipita tena mpe mtu unayemheshimu kuliko wote, na jina hilo usiliweke tena kwenye kinywaji kingine. Yeye alikuwa na kimoja tu chenye jina la mke wake, na mke alipofariki hakukitengeneza tena kwa yeyote. Mimi nilikuwa nimempa mama yangu kimoja, cha zabibu na tangawizi. Alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini, akawa anawaambia majirani kwamba Wazungu wanamnywa.

Baada ya Arusha nilizunguka. Mwanza, Bagamoyo, Iringa, tena Arusha. Nikiwa Mwanza niliikumbuka Arusha, nikirudi Arusha nakumbuka mawe ya Mwanza. Kila mahali niliandika niliyobuni katika daftari moja lenye jalada gumu jekundu: vipimo, makosa, na uso wa mgeni aliponywa funda la kwanza. Uso ndio kipimo cha kweli. Mdomo wa mgeni utasema "nzuri sana" hata kwa siki.

Hoteli ya Pemba ilikuwa ufukweni, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Gando, ng'ambo yake unakiona kisiwa cha Fundo. Vyumba vichache, wageni wachache, karibu wote wawili wawili. Hili nalo hamtaambiwa chuoni: mvinyo wa povu haunywewi na mtu mmoja. Miaka mitatu nilisimama mbele ya watu waliokuwa wakitazamana. Kazi nzuri ya kaunta ni kusahaulika, nami niliifanya vizuri.

Kazi yenyewe ilikuwa na shida zake. Chupa zilikuja kwa meli na kisha kwa gari, barabara ya mwisho ikiwa ya mashimo, na nilijifunza kwa kizibo kilichopasua taa kwamba chupa iliyosafiri hivyo inahitaji siku mbili kulala kwenye baridi kabla hujaigusa. Barafu ilitegemea jenereta, na jenereta ilitegemea fundi aliyekaa mjini Chake Chake. Ukwaju niliujaribu wiki nzima na kila mara uliua povu. Kuna bwana mmoja aliyekuwa kwenye fungate, mkewe amenuna tangu asubuhi, akanijia faragha akataka kinywaji cha kuombea msamaha. Nikamwambia akampe maji baridi na asikilize. Hakurudi kunishukuru, lakini jioni waliagiza chupa nzima.

Wafanyakazi wenzangu wote walikuwa wa pale pale, kutoka Gando, Wete na vijiji vya njiani. Nataka niwe mkweli juu yao. Sijapata kusalimiwa vizuri popote kama nilivyosalimiwa Pemba. Habari ya asubuhi, ya nyumbani, ya afya, ya wazee wako bara, wanauliza yote na kusubiri jibu. Halafu saa ya kazi ikiisha, wanakwenda kwao. Hakuna aliyenitenga. Ila mikono yangu ilishika nilichoshika, na sinia la chakula ni moja. Nilikuwa nachukua sahani yangu, nakaa nyuma ya stoo. Mwezi wa Ramadhani kaunta ilifungwa kwa pazia, nikawa nasafisha glasi zilizokuwa safi.

Siku yangu ya mapumziko ilikuwa Jumatatu. Jumatatu moja ya mwaka wa kwanza nilikuwa natembea bila kazi kwenye njia ya mikarafuu nikanusa shira. Mimi ninayejua shira nikasimama. Haikuwa ya iliki kama wanayovishia kalimati. Ndani yake kulikuwa na karafuu mbichi, zile za rangi ya waridi kabla hazijakauka, na kitu kama ganda la ndimu. Nilifuata harufu mpaka kwenye kibaraza ambapo mama wa miaka sitini na ushei alikuwa anapindua kalimati kwenye bakuli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Mgogo wa hotelini."

"Umejuaje?"

"Pua. Watu wa huku hawaingii nyumba ya mtu kwa pua." Akanitazama. "Umekula?"

Nikasema nimekula. Akasema sikukuuliza hotelini wamekupa nini, nimekuuliza umekula. Huyo ndiye Bi Zuwena. Alikuwa mjane. Babu zake walitoka Oman na walikuwa na mashamba, siku hizi yamebaki mikarafuu mitatu na jina. Wanawe walikuwa Unguja na Maskati. Maneno yake mengi nayaandika kwa Kiswahili cha shule, maana Kipemba chake nikikiandika nitakiharibu, na yeye hakupenda vitu viharibiwe.

Kuanzia hapo Jumatatu nilikula kwake. Aliniwekea kitanga cha kukalia kibarazani, wali, samaki, mchicha, na maneno.

"Nyinyi watu wa bara mnakula ugali kama mnaotibiwa."

"Na nyinyi mnatia nazi hata kwenye chai."

"Uongo! Nani alikutilia nazi kwenye chai?"

"Naona inakuja."

"Wallahi wewe, mwanangu, siku utakayooa mkeo atakuwa kiziwi, Mungu atamhurumia."

Nilimwomba aniuzie shira kwa ajili ya hoteli. Alichota kijiko kimoja cha shira, akaiacha idondoke.

"Nnajua kazi yako," akasema. "Sikuulizi, hiyo ni baina yako na Mola wako. Lakini hii ni ya mikono yangu. Nitakupa kwa sharti moja. Iende kwenye maji ya ndimu, kwenye juisi, kwenye chai ya wageni. Isiende kule kwengine."

"Haitaenda, Bi Zuwena."

"Sema inshallah."

"Inshallah."

Na kwa mwaka mzima na nusu haikwenda. Nilitengeneza maji ya ndimu na shira ya karafuu, na wageni waliyapenda, na nilikuwa nampelekea habari kila Jumatatu: leo wamekunywa Waholanzi, leo wamekunywa wazee wawili kutoka Japani. Alifurahi kwa kununa. "Wazee wa Japani wana meno?" Ndiyo, Bi Zuwena. "Basi wangekula kalimati."

Sasa nitaeleza kosa langu, kwa sababu ndilo hasa nililokusudia kuliandika.

Mchana mmoja wa masika hoteli ilikuwa tupu. Mvua imefunga bahari, sioni Fundo, sioni hata ufuko. Kulikuwa na chupa ya mvinyo wa povu iliyobaki nusu. Mbele yangu kulikuwa na shira. Nilijiambia nataka kujua tu. Hilo ni neno la kila mtu wa ufundi wetu, nataka kujua tu. Nikatia shira chini ya glasi baridi, matone ya ndimu, nikateremsha mvinyo ubavuni. Nikainama kusikiliza. Sauti haikupanda wala haikushuka. Nikanywa. Miaka ishirini na mbili nilikuwa nikitafuta kitu kile, bila kujua kwamba natafuta. Karafuu ilikuja mwisho kabisa, baada ya kumeza, kama mtu aliyetoka chumbani kisha akarudi kusema neno alilosahau.

Ningemwaga na kunyamaza, leo bado ningekuwa nakula wali Jumatatu. Sikumwaga. Siku ya tatu nilimtengenezea mgeni mmoja. Wiki ya pili kila meza ilikiomba. Kila Jumatatu nilikwenda kwa Bi Zuwena, nikala chakula chake, nikachukua chupa zangu za shira, na moyoni nikitafuta namna ya kulilipa lile nililokuwa nafanya. Na hapo, wenzangu, nikafanya la pili, kubwa kuliko la kwanza, nikidhani ndiyo malipo yenyewe. Meneja aliponiuliza kinaitwaje, kwa sababu orodha mpya ya vinywaji ilikuwa inakwenda kuchapwa, nilimwambia kinaitwa Bi Zuwena.

Nilimaanisha heshima ya juu kabisa niliyokuwa nayo. Sikuwa na nyingine. Sina ardhi ya kumwachia mtu, sina mtoto wa kumpa jina la mtu. Nilichokuwa nacho ni hicho kinywaji kimoja, na nilimpa. Haikunipitia kichwani hata mara moja kwamba kwake ni kama kumwandika jina mlangoni mwa kilabu. Bwana Shirima alinifundisha desturi ya kaunta, nami niliibeba kutoka Arusha pamoja na sweta, nikadhani itafaa kila hali ya hewa.

Jina lilipendwa. Liliwekwa kwenye orodha, kwenye tovuti ya hoteli, kwenye kibao cha mbao kando ya kaunta. Wageni waliuliza Bi Zuwena ni nani, na mimi, mjinga, niliwaeleza: ni mama wa jirani, mpishi bora kisiwani.

Hamad, kijana wa Gando aliyekuwa akiwatembeza wageni vijijini, ndiye aliyeniletea habari. Alinijia stoo, uso umemwiva.

"Yakhe, umefanya nini?"

"Nini?"

"Nimewapitisha wale wawili kwa Bi Zuwena, waone kalimati. Nikawatajia jina lake. Yule mwanamke akaruka kwa furaha akamshika mkono, anacheka, anasema kitu. Bi Zuwena naye anacheka, ananiuliza, 'Anasemaje mgeni wangu?'"

"Ukasemaje?"

"Nilisema anakupongeza. Lakini yule mwanamke akatoa simu, akamwonyesha picha. Glasi yenyewe, na lile karatasi lenye jina lake, na kando yake chupa. Bi Zuwena kasoma hadi darasa la saba, wewe. Jina lake analijua. Akaniuliza tena: 'Hamad, anasemaje?' Ningefanyaje? Nikamwambia. Anasema jana walikunywa wewe."

Hakunitukana. Ningetamani anitukane. Alisema tu, "Wote walikuwepo, wanawake wa kisima cha jirani, wamesikia," akaondoka.

Sikungoja Jumatatu. Niliomba ruhusa, nikaenda mchana ule ule. Kibarazani kitanga changu kilikuwa kimekunjwa, kimesimamishwa ukutani. Alitoka akasimama mlangoni, hakuniambia kaa.

"Nilikupa sharti," akasema.

"Ndiyo."

"Lilikuwa moja. Sikukuchosha kwa masharti."

"Ndiyo, Bi Zuwena. Nimekosa."

"Hilo la shira umekosa, na nnajua mwanadamu hukosa. Lakini jina! Nnakuuliza, wewe mtoto wa watu, jina langu lilikufanya nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza juu ya Bwana Shirima na mke wake, juu ya mama yangu alivyocheka akakaa chini. Nilisema kwetu sisi wa kazi hii hakuna heshima iliyo juu ya hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mtu wa Pemba hakukatizi.

"Nimekuelewa," akasema. "Ulitaka kunipa kitu kizuri. Ukanipa kitu chako, kwa uzuri wa kwenu. Siku ya saba ya kuzaliwa kwangu babaangu alichinja mbuzi wawili kwa jina hili, ijapokuwa kwa mtoto wa kike angetosha mmoja. Akasema huyu nampa wa pili kwa mapenzi. Jina hilo nimekaa nalo miaka yote, sijalichafua. Leo liko kwenye ulevi, na limewekwa na mtu aliyekula kwangu."

Akakitazama kitanga kilichokunjwa.

"Litoe."

"Nitalitoa."

"Na lote. Lisibaki hata mahali pamoja."

"Nitalitoa lote."

"Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu," akasema, na sauti yake haikubadilika hata kidogo. "Usije tena kula."

Nilirudi hotelini nikaenda moja kwa moja kwa meneja. Alikuwa kijana mwenye adabu kutoka ng'ambo, Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, na kwa Kiingereza alinieleza kwa upole kwamba orodha zimechapwa mpaka mwisho wa msimu, tovuti inatengenezwa na watu wa mbali, na wageni wanakuja wakiwa wamesikia jina hilo. Akasema ni jina tu, kisiwani wako wanawake wangapi wanaoitwa hivyo? Mwakani tutaangalia. Nikamwambia kinywaji chenyewe hakipo tena, anayepika shira ameacha. Akasema basi nunua sukari, wewe ni fundi, utapata ya kufanana.

Kesho yake nilichukua kalamu nyeusi nzito nikalifuta jina kwenye kila orodha iliyokuwa kaunta. Alasiri zikawa zimeletwa nyingine kutoka ofisini, safi, jina limo. Wageni wakaagiza, nami nikasema kimekwisha. Siku ya pili nikasema kimekwisha. Siku ya tano meneja aliniita. Hakuwa na hasira, alikuwa mfanyabiashara. Aliuliza ninataka nini hasa.

"Jina litoke. Kwenye karatasi, kwenye kibao, kwenye tovuti. Mniandikie kwamba halitarudi."

"Na sisi tutabaki na nini?" akauliza. "Wewe unaonekana unaondoka."

Mimi mwenyewe nilikuwa bado sijajua kwamba naondoka. Macho yake yalikuwa kwenye daftari jekundu, ambalo siku zote lilikaa kando ya kopo langu. Nikalielewa swali. Ndani ya daftari lile mlikuwa na kila nilichobuni tangu nilipoacha kuosha vyombo: vinywaji sitini na kitu vya mvinyo wa povu, vilivyofaulu na vilivyokufa, na kile cha mama yangu ukurasa wa kumi na moja. Tulikaa siku nzima tukiandika karatasi mbili. Yake ilisema jina halitatumika tena. Yangu ilisema vilivyomo daftarini ni mali ya hoteli, na mimi sitavitengeneza wala kuvifundisha popote pengine. Nilitia saini ya kwanza kabla yake, kalamu isije ikasita.

Ukurasa wenye kinywaji cha karafuu nilikuwa nimekwisha kuuchana na kuutia motoni jikoni. Meneja aliona pengo, akanitazama, akalifunga daftari. Naye alikuwa na heshima zake.

Ndiyo maana nimeacha. Mnaniuliza kwa nini nisianze upya mahali pengine, kichwa si kinakumbuka? Kinakumbuka sana, na hilo ndilo tatizo. Kila ninapolaza glasi ubavu, mkono unakwenda wenyewe kwenye kitu nilichokwisha kukitia saini. Mafundi wengine wanaweza kubuni wakiwa wamesahau. Mimi nimezoea kubuni nikikumbuka.

Nilingoja wiki tatu mpaka tovuti ikabadilishwa, nikaikagua mwenyewe kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, hata picha. Kibao nilikipiga randa kwa mkono wangu. Halafu nikafunga mabegi. Wenzangu waliniaga vizuri kama walivyonisalimia, wakauliza juu ya wazee wangu bara, wakasubiri jibu. Hamad alinibebea begi la nguo. Gari la hoteli la kunipeleka bandarini nililisimamisha barabarani, nikaingia njia ya mikarafuu.

Ndara zake zilikuwa mlangoni. Pazia limeshushwa. Ndani ungo ulikuwa unapepeta mchele.

"Hodi."

Ungo ukasimama.

"Hodi, Bi Zuwena."

"Bi Zuwena hayupo," akasema Bi Zuwena.

Nilisimama uani, kofia mkononi. Sauti ile ningeitambua kwenye soko zima.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba."

"Akirudi, tafadhali, mwambie jina lake limetoka. Kote. Nimeangalia mwenyewe."

"Nitamwambia."

"Mwambie na mimi naondoka leo. Kwa meli ya mchana."

Pazia halikutikisika. Kuku alipita katikati yetu, akadonoa kitu kizingitini, akaenda zake.

"Atauliza unakwenda wapi," sauti ikasema.

Nikatafuta jibu. Siku zote nilikuwa na mahali pa kupakumbuka, na huko ndiko nilikokwenda. Nikaitafuta Arusha, nikaitafuta Mwanza, nikaitafuta hata Hombolo.

"Sijui bado."

"Haya," akasema Bi Zuwena. "Nitamwambia hujui."

Honi ikalia barabarani. Nilipofika kwenye mkarafuu wa kwanza nikasikia ungo umeanza tena.